Mikono Yangu, Samaki na Satini

Jumatatu, 3 Juni
Leo kitambaa kimeniaibisha. Shangazi, mwenye duka la ushonaji ninalofanyia kazi, kaleta satini nyeupe ya majoho ya kwaya. Nikaipapasa tu. Krrr! Nyuzi zikanasa kwenye vidole vyangu, vikavu kama msasa. Fundi mwenzangu akapitisha kiganja chake. Kimya. Ndiyo maana tunamwita Pamba. Shangazi kasema Jumamosi atatupima. Ambaye mikono yake haitanasa uzi ndiye atakayeshona. Miaka yote mimi ni turubai na mifuko ya shule! Safari hii satini ni yangu.

Jumanne, 4 Juni
Nimesoma gazeti kwa kinyozi. Siri ni omega! Omega tatu imo kwenye samaki wa mafuta, omega sita kwenye mafuta ya kukaangia, na ngozi inataka mizani. Kwa chipsi nilizokula maishani, sita yangu imegonga dari. Mbio duka la dawa. Mfamasia akasema samaki mara mbili kwa wiki wanatosha, vidonge vya mafuta ya samaki nilivyonunua nisizidishe, na ngozi haibadiliki kwa siku nne. Eti nipake losheni. Losheni! Nimemwomba sayansi, ananipa mambo ya watoto wachanga.

Jumatano, 5 Juni
Samaki wa kopo asubuhi, mchana na jioni. Mke wangu kageukia ukutani. Anasema nikipumua anaota yuko sokoni. Hana subira na maendeleo. Mikono: bado msasa.

Alhamisi, 6 Juni
Akili imenijia! Mizani ina pande mbili. Kama yangu haipandi, ya Pamba na ishuke. Nimemnunulia chipsi zinazoogelea mafuta. Kala zote, karamba vidole, kanishukuru machozi yakimlenga. Tangu aanze kazi hapa hakuna aliyemjali hivyo. Nikaona haya kidogo. Kidogo tu. Nikamwongezea soseji. Nikamdodosa siri yake. Akasema hupaka losheni kila usiku na huvaa glavu akiosha vyombo. Ananiona mtoto wa jana!

Ijumaa, 7 Juni
Viganja vya Pamba vinang'aa zaidi. Chipsi zimemkubali, mshenzi yule! Sikati tamaa. Mfamasia alikataza kuzidisha vidonge vya kumeza. Kuvitoboa hakukutaja.

Jumamosi, 8 Juni
Nikajifungia chooni na sindano, nikatoboa vidonge vyote, nikajipaka mpaka viwiko. Shangazi akatandika satini. Nikapitisha mikono. Haukunasa hata uzi mmoja! Nikashangilia. Shangazi hakushangilia. Alikuwa akitazama alama za viganja vyangu viwili zilizobaki juu ya satini, za njano, na vidole vyote kumi. Akanusa. Akauliza nani kafungua kopo la samaki dukani. Majoho kapewa Pamba. Naye, maskini, akanitetea, akasema mimi ni mtu mwema, nimemlisha. Nikarudishwa kwenye turubai. Imeniuma kweli. Nilitaka mara moja tu nishone kitu ambacho mtu atakivaa akiimba.

Jumapili, 9 Juni
Pamba kaja nyumbani kunipa pole, kaniletea losheni na glavu. Nimempa mke wangu. Yeye ndiye mpenda vitu vidogo vidogo. Mimi kosa nimeshaliona. Nilihangaika na tatu peke yake, na sita peke yake. Tatu na sita ni tisa. Na omega tisa ipo, imeandikwa kabisa! Kesho mfamasia akifungua mlango, atanikuta kizingitini.