Sawa Rasmi

Wizara inayo furaha kuutangazia umma kwamba tatizo la vitanda hospitalini limekwisha. Halikumalizwa kwa vitanda, kwani hiyo ni njia ya kizamani. Limemalizwa kwa alama ya hisabati, na aliyesimamia kazi hiyo ni mimi, Katibu wa Kamati ya Alama.

Chanzo ni tovuti yetu. Ilikuwa na ukurasa unaoonyesha idadi ya wagonjwa upande mmoja na ya vitanda upande wa pili. Katikati, kompyuta ilijiwekea yenyewe alama ya sawa iliyokatwa kwa mkwaju, ule mstari wa mshazari, yaani pande hizi haziko sawa. Waziri aliiona kwenye simu yake akiwa kwa kinyozi, akanipigia nusu ya kichwa ikiwa haijanyolewa.

"Nani kaipiga fimbo sawa yangu?"

"Kompyuta, Mheshimiwa."

"Ni ya chama gani?"

Kamati ikakaa. Ilikubaliwa kwa kauli moja kwamba kununua vitanda ni kukiri upungufu, na kukiri upungufu ni kuzua taharuki. Tukaazimia kuunda alama yetu wenyewe, Sawa Rasmi. Ina mistari miwili kama sawa ya kawaida, ila wa juu ni mrefu kuliko wa chini, kwa sababu wa juu ni serikali. Mjumbe mmoja alitaka mistari ilingane. Hatumwaliki tena.

Nikatunga na kanuni yake. Popote iliposimama Sawa Rasmi, pande zake mbili ziko sawa. Atakayeona tofauti ana matatizo ya macho, na apelekwe akapimwe.

Fundi wa tovuti, binti tunayemwita Nukta kwa vile hana maneno mengi, akaleta kikwazo mbele yangu na Waziri.

"Bosi, alama hii haimo kwenye simu za watu. Lazima niichore, kisha niifungashe pamoja na ukurasa ili simu iipokee. La sivyo wataona kisanduku kitupu."

"Kitupu vipi?" aliuliza Waziri.

"Kitupu tu. Kiko wazi, ndani hamna kitu."

"Wazi!" Waziri akapiga meza. "Katibu, andika hapo: Serikali ya uwazi."

Basi kwa muda wananchi wakatazama kisanduku, na sisi tukajipongeza kwa uwazi. Mchoro ulipokamilika, Sawa Rasmi ikasimama kati ya wagonjwa na vitanda, na upungufu ukaisha papo hapo. Nilifurahi kama mtu aliyejenga hospitali.

Aliyebaki kutusumbua ni Sista, muuguzi mkuu wa hospitali ya mjini. Alikuja ofisini na sare yake, viatu vimelowa maji ya kupigia deki, na nilipomkaribisha kiti hakukaa.

"Kaka, nina mama kajifungua kwa upasuaji, nimemlaza chini kwenye korido. Watu wanamruka wakienda chooni. Naomba kitanda kimoja."

"Dada yangu, umeiangalia tovuti?"

"Nimemwangalia yule mama."

"Hapo ndipo unapokosea."

Nikamsomea kanuni. Akaniomba nirudie, polepole. Nikarudia, nikafurahi kwamba imemwingia.

Haukupita muda Waziri akaamua kwenda hospitali hiyo kupiga picha na mafanikio. Tulikuwa kwenye korido, waandishi nyuma yetu, alipojishika kiuno ghafla, akatoa jasho, akaanguka. Daktari akasema ni mawe kwenye figo, asisogezwe mbali, alazwe hapohapo.

"Kitanda!" Waziri akalia.

"Kipo, Mheshimiwa," Sista akasema, akimwonyesha sakafu kando ya yule mama. "Kwa wewe mgonjwa mmoja ameongezeka, na tovuti inasema bado tuko sawa."

"Hii ni sakafu!"

"Anaona tofauti," Sista akawaambia wauguzi wake. "Akipata nafuu mpelekeni akapimwe macho."

"Basi mtoe mtu mmoja kitandani!"

"Kwa kosa gani, baba, na vitanda vinatosha?"

Yule mama akasogea kidogo, akamwachia nafasi. Waziri akanishika suruali.

"Katibu, wewe ni mtu wangu. Hebu waambie hawa. Unaona kitanda hapa?"

Kamera zote zikanigeukia. Nikaifikiria kazi yangu, nikawafikiria wanangu, nikayafikiria macho yangu. Tangu niajiriwe sijawahi kumpinga Waziri, na tovuti ilikuwa na jina lake juu kabisa.

"Nakiona, Mheshimiwa," nikasema. "Tena wamekuwekea na mto."