Nusu ya Kushoto

Mwaka ule Wakongo walipovuka ziwa kukimbia vita, Kigoma ilijaa magari meupe ya misaada, na nyuma ya kila gari jeupe palikuwa na mjanja anayelifuata. Noel alikuwa mmoja wao. Alitoka Moshi kutafuta kazi ya udereva, akaikosa kwa sababu hakujua kuendesha gari, jambo aliloliita ubaguzi.

Siku moja alinunua dagaa ufukweni Kibirizi, wakafungwa katika karatasi nyembamba yenye mistari na maandishi ya Kizungu. Mtu mwingine angekula dagaa akatupa karatasi. Noel aliigeuzageuza karatasi, akamuuliza muuzaji imetoka wapi. Akaambiwa ni pateni za kukatia nguo. Shirika moja liliziagiza maboksi kwa maboksi ili wakimbizi wajishonee wenyewe, lakini mafundi wa kambini wanakata kwa jicho na chaki, hawana shida nazo. Basi maboksi yamewekwa nje ya geti, mwenye kutaka achukue bure.

Mlinzi wa geti alimshukuru Noel kwa kuwaondolea takataka.

Cha bure hakina mnunuzi mpaka kipate mlinzi mkali. Noel alilijua hilo, akaenda mtaa wa Katubuka kwa wake za watumishi waliohamishiwa Kigoma, ambao wote walikuwa na ugonjwa mmoja: kila mmoja alitaka gauni ambalo mwenzake hana. Akaanza na Sia, mke wa karani.

"Unaweka karatasi juu ya kitambaa, unafuata mstari kwa mkasi. Fundi wa nini tena, dada?"

"Mama Davis anayo?" Sia aliuliza.

"Ameniomba sana. Nikamwambia hii ina mwenyewe."

Kwa Mama Davis alisema hivyo hivyo, ila alimtaja Sia. Fedha hakupokea, alisema shirika limekataza. Alipokea pisi moja ya kitenge cha waksi kutoka Kongo, na kiapo kwamba mtu hatamwonyesha jirani. Haikuchukua muda chumba chake kikanuka vitenge vipya, akaanza kuulizia treni ya Dar es Salaam.

Angesafiri salama kama asingekutana na Catherine. Huyu alikuwa binti yatima aliyelelewa Kasulu, ameletwa Ujiji kwa mama yake mdogo, Regina fundi cherehani, ili Jumamosi aolewe Mwamgongo, kijiji cha ziwani kinachofikiwa kwa boti. Mama mkwe alikuwa amemletea kitenge, na desturi ya nyumba ile ilikuwa bibi arusi ashuke kwenye boti amejifunga kitenge hicho. Akishuka bila hicho, amewakataa. Catherine alimwona Regina amezidiwa na kushona sare za shule, akataka kujishonea gauni la arusi mwenyewe. Alikuwa na satini lakini hakuwa na pateni. Noel akakipokea kitenge cha mama mkwe kama rehani, akaahidi kukirudisha, kama ambavyo mvuvi humwahidi samaki.

Jioni Catherine alianza kulia. "Mama mdogo, nimekosa. Nimetoa kitenge, na gauni lenyewe ni la mtu wa upande mmoja."

Regina aliitazama pateni. Ilikuwa ya kipande cha mbele cha gauni, nusu, kutoka katikati ya kifua hadi ubavuni. Akataka kucheka, akaona machozi ya mtoto wa marehemu dada yake, akajizuia. Aliuliza kama amemrudia yule kijana. Catherine akasema amemrudia, na Noel mwenyewe alishtuka, akapekua maboksi yote huku jasho linamtoka, akikuta nusu za upande mmoja tu, akalalamika kwamba Wazungu wamemwibia.

"Kwa hiyo naye hajui," Regina alisema, na hapo akacheka vizuri.

Kesho yake alikwenda Kibirizi, akanunua pateni zote walizobaki nazo wauza dagaa. Akazigeuza nyuma mbele, akazikunja vizuri, akaenda kwa Noel kwa unyenyekevu wa mtu anayeomba chumvi.

"Baba, nilikuwa nafagia pale kwa shirika. Nusu za kushoto nilizichukua mimi."

Noel alisimama. Alizitazama: kweli, mkono ulikuwa upande mwingine, na maandishi yalikwenda kinyume.

"Mbona maandishi yamegeuka?"

"Si ndiyo kushoto?"

"Na harufu ya dagaa?"

"Ya kufukuza mende."

Noel alipiga hesabu haraka. Kila mwanamke mwenye nusu ya kulia atatoa chochote apate ya kushoto. Vitenge alivyonavyo vitazaa vingine mara mbili. Regina hakutaka fedha. Alitaka vitenge vyote, la sivyo anapeleka karatasi zake Bujumbura. Walivutana mpaka adhana ya alasiri, kisha Noel akakubali, akamsaidia kubeba mzigo wa vitenge hadi nyumbani, kwa kuwa alilelewa vizuri.

Jumamosi asubuhi alisikia kwamba wateja wake wote wa Katubuka wako Kibirizi, wanapanda boti ya arusi. Akakimbia na furushi lake, akimshukuru Mungu kwa kumkusanyia soko.

Aliwakuta kweli. Sia amevaa gauni lililokamilika kulia na kushoto, la kitenge chake mwenyewe alichorudishiwa na Regina. Mama Davis amevaa lile lile, na walikuwa wamekwisha kununiana na kupatana. Catherine alikuwa kwenye boti, satini imemkaa, kitenge cha mama mkwe kiunoni. Alikuwa anashikilia pindo lake kwa mikono yote miwili.

"Dada zangu, mnavaaje bila kushoto?" Noel aliuliza.

Regina aliweka mfuko wake chini. Akatoa kitenge, akakikunja katikati, akaweka juu yake karatasi moja kutoka furushi la Noel, akafuata mstari kwa mkasi. Kisha akakunjua. Kilikuwa kipande kizima cha mbele cha gauni, kulia na kushoto.

Wanawake hawakucheka. Walimwangalia Noel kwa huruma, na hiyo ilimuuma zaidi. Nahodha akaita. Regina akakunja vitu vyake, akaingia majini hadi magotini, akapokewa botini.

"Mama," Noel alisema kutoka nchi kavu, "kunja tena nione."

"Tukirudi kutoka arusini," Regina alijibu. "Uje na kitambaa chako."