Habari za Mnara na Bando la Kishikwambi

Sogeeni, enyi mliokaa na mliosimama, na wewe uliyejiegemeza mlangoni ukijifanya unapita tu. Wekeni vikombe chini, kwa maana leo zinasimuliwa habari za Mnara, mume wa Mama Mapazia, na jinsi alivyokivunja kiapo chake mwenyewe kwa ncha ya sindano, mchana kweupe, mbele ya mlinzi mmoja na benchi moja.

Kwa miaka thelathini huyo Mnara alishika funguo za stoo ya karakana, na katika enzi yake yote hakuna msumari uliotoka bila sahihi. Kisha wakampa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri, akarudi nyumbani, akakuta hakuna cha kutunza. Mkewe, mshonaji wa mapazia, bingwa wa madirisha makubwa na madogo, alikuwa amenunua kishikwambi, kioo kipana kama sinia, ili wateja wachagulie vitambaa humo. Vitambaa vyenyewe vilikaa ghalani kwa muuza jumla, na picha zake zilibadilika kila asubuhi. Bila intaneti, kioo kile hakikuwa na faida kwa mtu.

Na intaneti ilitoka wapi? Mfukoni mwa shati la Mnara. Simu yake ndiyo iliyokirushia kishikwambi, na nguvu zake zilifika hatua kumi, basi. Kwa hiyo kila alikokwenda mama, mzee alikuwa nyuma yake, hatua tisa kwa tahadhari. Alisimama kwenye baraza za watu, alikaa kwenye ngazi za watu, na siku moja alisimama bafuni kwa mteja kwa sababu ukuta wa sebule ulikuwa mnene. Akienda msalani, picha ziligoma. Jina la Mnara alipewa na shemeji yake kwa utani, naye akalivaa kama nishani. Wala hakuna katika nyumba ile aliyewahi kuuliza kwa nini simu isiende na mama, mzee akabaki. Swali hilo walilipitia pembeni, kama watu wanavyompitia aliyelala mkekani.

Mara mbili mama aligusia kwamba kishikwambi kina tundu lake la laini, na kinaweza kulipiwa bando lake chenyewe. Mara zote mbili mzee alisimama, akapandisha suruali, akahutubia.

"Sikiliza, Mama. Nyumba moja, bando moja. Nimekaa stoo miaka thelathini, sijawahi kumpa fundi mmoja nyundo mbili. Hicho kitu kinatoka nyumbani mara tatu kwa wiki. Siku nne zote bando litakuwa limelala tu, linaoza. Na kulipia kitu ambacho mumeo anakupa bure, huko tukuiteje? Mimi nikiwa hai, tundu hilo halitaingia laini."

Hoja zilikuwa nzito, hazina pa kushikia. Lakini nyuma ya hoja alijificha mzee mwenye hofu, aliyejua kwamba siku kishikwambi kitakapojitegemea, yeye atarudi kwenye kiti chake kuitazama ile saa ya ukutani. Hilo hakumwambia mtu.

Ikawadia siku ya hospitali. Wodi ya wazazi ilitaka mapazia ya madirisha arobaini, na cherehani ya mama ilikuwa imelala miezi mitatu. Wakatoka asubuhi na mapema, yeye mbele, mzee nyuma na mfuko wa nyuzi, hadi mlango wa wodi, ambapo palibandikwa karatasi: WANAUME NA SIMU MWISHO HAPA.

Mnara alimweleza mlinzi kwamba yeye hakuja kama mwanaume, amekuja kama kifaa cha kazi. Mlinzi akasema vifaa vya kazi havina ndevu. Matroni alikiruhusu kishikwambi peke yake, kwa kuwa ni kama kitabu cha picha, na mama akaingia nacho. Kuta za hospitali, nene kuliko sebule zote walizowahi kuzishinda, zikaimeza intaneti yote.

Hapo vita vikapamba moto. Mama alitoka mbio hadi benchini kwa mumewe, akavuta picha tatu, akarudi. Matroni akataka maua madogo zaidi. Akatoka tena, akarudi. Matroni akataka kijani kilichopauka. Mara ya tatu alitoka jasho likimtiririka, akasema matroni ana nusu saa tu, kisha anaingia fundi mwingine. Hakumlaumu mtu. Alifuta kioo kwa upindo wa gauni, akasubiri picha zifunguke, akakifuta tena ingawa kilikuwa safi.

Mnara aliuona ule upindo. Kiapo chote kikawa kidogo machoni pake.

"Nipe dakika kumi," akasema.

Akavuka barabara hadi kwa binti aliyeuza laini chini ya mwavuli, akatamka haja yake kwa sauti ya mfalme anayekabidhi mji. Akaweka kidole gumba, kikakataliwa; akakifuta surualini, kikakubaliwa. Akalipia bando la mwezi mzima kwa mkono wake, akadai risiti, maana hata siku ya kushindwa, stoo ni stoo.

Akarejea. Kijidroo cha laini kilikuwa kimefungwa, na kipini chake kimebaki nyumbani kwenye boksi. Ndipo shujaa akachomoa mfukoni sindano ya vifungo. Akachoma, droo ikakaidi. Akachoma tena, ikatoka. Akapachika laini kichwa chini, kioo kikamkana. Akaigeuza, na vistari vya mtandao vikasimama kimoja kimoja, mlinzi akiwa amekwisha kusogea kutazama.

"Haya, nenda," akasema, akaizima simu yake. "Sasa hunihitaji."

Alikuwa amekusudia hotuba ndefu kuliko hiyo. Mama alimtazama kidogo, akaingia.

Hakutoka mpaka alipotoka na kazi yake, madirisha yote arobaini, kijani kilichopauka. Mzee alifurahi, alifurahi kwelikweli, na papo hapo akasikia uchungu. Akanyanyua mfuko wa nyuzi, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu hakujua atembee umbali gani na mkewe.

Walipofika getini mama akasimama.

"Washa ya kwako," akasema.

"Ya nini? Hicho kina bando lake."

"Hilo ni la wodini. Siwezi kulimalizia njiani wakati wewe upo. Kesho saa tatu tuna nyumba ya daktari wa meno, na kuta zake nene, kwa hiyo vaa vile viatu vya kusimama."

Alisema hayo akiwa ameshageuka, ili asiuone uso wa mumewe.

Basi na iandikwe, vizazi vijue: siku ile Mnara aliitoa simu mfukoni, akaiwasha, na kishikwambi kikaikamata hapo hapo. Na iandikwe pia, kwa watakaobisha, kwamba hakurudi nyuma hatua tisa. Alitembea ubavuni kwa mkewe hadi nyumbani, akidai kwamba hapo ndipo mtandao unaposhika vizuri.