Mkate wa Parachichi Uliopewa Siti ya Mbele

Leo aibu yangu nimeibeba mwenyewe, mgongoni, kwa kitenge kipya. Niko jikoni kwa mama mkwe hapa Makambako, nawaandikia huku vidole vikinuka hamira, maana nisipowaambia mimi mtaambiwa na Mama Eliza, na Mama Eliza haelezi kitu kikabaki na ukubwa wake.

Nianze mwanzo. Mnajua tangu Machi niko kwenye daiti. Daktari aliniambia maziwa na tumbo langu havielewani, na uzito nao upungue. Nikaacha maziwa, siagi, sukari, maandazi, na furaha kwa jumla. Lakini jamani, imefanya kazi! Gauni nililoshonesha kwa kipaimara cha mwanangu Baraka linafunga zipu mpaka juu. Lile tumbo lililokuwa likinitangulia kuingia kanisani limeondoka. Sijui limekwenda wapi na silitafuti.

Tatizo likawa mama mkwe. Ana ng'ombe wawili, na kila Jumamosi alikuwa akinitumia dumu la maziwa kwa basi la Kosta. Nilipomwambia nimeacha, alisema haya tu. Dumu likakoma kuja. Simu zikawa za shikamoo, marahaba, haya baki salama. Kwake yeye, kukataa maziwa yake ni kumkataa mwenyewe. Imeniuma miezi yote hii, siwafichi. Mama yangu mzazi alishatangulia, nimebaki na huyu tu.

Basi wiki iliyopita, kwa kiherehere changu, nikamtumia picha ya mkate ninaooka sasa. Pa siagi naweka parachichi, pa maziwa naweka maji niliyochemshia viazi. Akanipigia palepale.

"Huo ukijani ni nini?"

"Parachichi, mama."

"Mkate wa kijani mimi siuli mpaka niuone ukiiva kwa macho yangu. Njoo uupike hapa."

Wenzangu, niliruka jikoni peke yangu. Kaniita! Nikajiambia, akionja akaupenda, haya mambo yamekwisha.

Leo saa moja asubuhi nikakanda unga. Sasa, mnaijua baridi ya Njombe ya mwezi wa saba. Unga hauumuki, unajikunyata tu kama mgonjwa. Nyumbani kwetu tulikuwa tunaulaza kitandani na kuufunika blanketi, sisi watoto tunalala pembeni kuupasha joto. Nami nilitaka nikifika Makambako uwe umeshaumuka, niutie kwenye sufuria, mkaa chini na mkaa juu, mama mkwe asisubiri mpaka jioni. Ila kitanda hakipandi Kosta. Ndipo nikapata wazo (mawazo yangu mabaya yote huja nikiwa na furaha). Nikauviringisha unga kwenye kitambaa safi, nikauzungushia blanketi alilofunikwa Baraka alipokuwa mchanga, nikaubeba mgongoni na kuukaza kwa kitenge. Juu yake nikavaa koti. Joto la mwili ni joto, au sio?

Njiani kwenda stendi ya Njombe, watu wawili wakaniambia hongera. Nikajua ni ya kupungua.

"Asante," nikajibu nikitabasamu, "ni kujitahidi tu."

(Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Sikushtuka. Nilikuwa najipenda sana leo asubuhi.)

Nafika stendi, konda ananiona, anageukia abiria. "Mpisheni mzazi! Mama, njoo ukae mbele, injini inapasha joto, mtoto asipigwe baridi."

Nikafungua mdomo niseme ukweli. Halafu nikasikia lile neno, joto. Nikaufikiria unga wangu. Nikaufunga mdomo, nikasema asante, nikakaa. Hilo ndilo kosa langu, na nalikiri.

Nikauteremsha ule mzigo na kuupakata, maana hakuna mzazi anayeegemea mtoto. Pembeni yangu alikaa bibi mmoja mwenye shali nzito, anatoka hospitali ya Ikonda kumuuguza dada yake. Mtu mpole, mwenye macho ya kuona kila kitu.

"Kamwene," akanisalimu.

"Kamwene, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Ana muda gani?"

Mimi akili yote iko kwenye unga. Nimekanda saa moja, sasa ni saa tatu. "Masaa mawili," nikasema.

Bibi akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Nyuma yangu nikasikia sauti ninayoifahamu. "Masaa mawili?" Nageuka, ni Mama Eliza, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Kumbe alipanda kabla yangu na kaona yote.

"Nilisema mimi," Mama Eliza akawatangazia abiria. "Lile tumbo halikuwa la ugali. Miezi yote anatuambia daiti, daiti, kumbe ndani kuna mtu!"

Mimi nina miaka arobaini na sita. Baraka yuko kidato cha nne. Na bado gari zima likaanza kunisifia. Baba mmoja akasema wanawake wa Kibena ni chuma, wanajifungua saa moja na saa tatu wako safarini. Nilitaka kusema. Lakini niseme vipi sasa, gari linaondoka, na nimeshaikalia siti ya watu? Nikajipa moyo kwamba ni saa moja tu ya safari, nitashuka kimya kimya na mtoto wangu wa ngano.

Mama Eliza akatoa simu. Nikamsikia akisema, "Shikamoo, mama. Una habari kwamba una mjukuu?"

Alimpigia mama mkwe wangu. Nikageuka kumzuia, bibi akanishika bega. "Tulia, mwanangu. Utapasua kidonda."

Nikatulia. Dakika kumi baadaye ananipigia mume wangu, Baba Baraka, yuko Kifanya wiki ya pili sasa kwenye mashamba ya miti. "Mama Baraka, napewa hongera na watu watatu. Hongera ya nini?" Nikamwambia nitakupigia. Nikakata.

Wakati huo injini ilikuwa inafanya kazi yake. Unga ulikuwa unaumuka kama haujawahi kuumuka tangu nianze kupika. Siku nyingine ningefurahi. Blanketi likaanza kukaza.

Bibi akaweka mkono juu. "Mwanao anavimba."

"Ndivyo alivyo, bibi. Amelala."

Akainama, akanusa. "Ananuka ulanzi."

(Hamira ikishachacha inanuka kama kilabu cha pombe kabisa, bibi hakukosea.) Nikafungua dirisha kidogo, abiria wote wakanifokea kwamba namuua mtoto kwa baridi. Nikafunga.

Makambako ikiwa inaanza kuonekana, nikahisi kitu cha uvuguvugu pajani. Natazama chini. Pembeni ya blanketi unatoka ujiuji mnene, mzito, wa rangi ya kijani.

"Amejisaidia," bibi akasema. Akautazama vizuri. "Huo si wa kawaida. Wewe unakula nini?"

"Parachichi," nikasema kwa sauti ndogo. Ilikuwa kweli.

"Lete nimsafishe. Mimi nimelea tisa."

Nikavuta, akavuta. Wa kwanza kuchoka nilikuwa mimi, sijanywa hata chai ya maana tangu Machi. Blanketi likafunguka na donge lote likajimwaga juu ya mapaja yetu wawili, kubwa, laini, la kijani, linapumua.

Bibi akalibonyeza kwa kidole. Likabonyea, likarudi.

"Huyu ni mkate," akasema.

Nyuma nikamsikia Mama Eliza, simu sikioni, sasa anamhadithia mtu mwingine: "Ngoja kwanza. Wanasema ni mkate."

Konda akaja mbele, akaangalia, akavua kofia. "Mama," akasema kwa upole ulioniumiza kuliko matusi, "mkate huwa unakaa kwenye buti."

Nilicheka? Sikucheka. Wao walicheka mpaka dereva akapunguza mwendo. Bibi peke yake alinisaidia kukusanya unga na kuurudisha kwenye kitambaa, akinisuta polepole kwamba ningemwambia mapema angeufunika na shali yake pia.

Mama Eliza akajaribu kumpigia tena mama mkwe kurekebisha habari. Simu yake mwenyewe imezimika, imeisha chaji.

Mnaona inakoelekea.

Stendi ya Makambako, nashuka. Mama mkwe huyo hapo, na kanga mpya ya kupokelea mtoto imekunjwa begani, chupa ya chai mkononi. Mtu aliyekuwa hanijibu zaidi ya marahaba tangu Machi, amekuja mbio mpaka kandambili moja imekatika. Na alikuwa analia. Wenzangu, hapo aibu ilikwisha, yakabaki maini yananikatika. Alikuwa ameshanisamehe, na mimi nilichomletea ni donge.

"Nipe nimwone," akasema.

Nikampa. Niseme nini? Akafungua kitambaa. Akautazama mkate, akanitazama mimi, akautazama tena.

"Nisamehe, mama," nikasema. "Nilikuwa nauumua tu."

Akaufunika kwa kitambaa, akaufunua tena. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikajua nimemliza tena, kumbe anacheka. Alicheka akakaa chini, pale pale stendi. Alipopata pumzi akanisogezea ile chupa, kumbe ndani ni uji.

Nikasita. Uji wa mzazi mnaujua unavyopikwa, maziwa matupu. Akaniona ninavyosita.

"Kunywa," akasema. "Ulezi na karanga. Maziwa sikutia. Nalijua tumbo lako."

Nikanywa huku nalia, kwenye stendi, nikiwa na unga wa kijani mpaka magotini. Miezi yote nilidhani hakunisikia.

Mkate tumeuoka kwenye sufuria lake, mkaa chini na mkaa juu, amekaa mbele yake kama mlinzi mpaka ukaiva. Umepanda vizuri ajabu (injini ya Kosta, naipendekeza). Nikamkatia kipande cha kwanza, roho juu. Akatafuna. Akatafuna tena.

"Mjukuu wangu mzuri," akasema. "Ila umemsahau chumvi."

Nikaonja. Kweli, sikutia hata punje. Akanyunyizia juu, akala vipande vitatu.

Kwa hiyo nawaomba, tukikutana kanisani Jumapili, asiniulize mtu mtoto hajambo. Tumeshamla, na bibi yake ameniambia Jumamosi nimletee mwingine.