Tarishi Wawili na Binti Yangu Asiyefanya Kazi Kwenu

Kwa Mhariri Mkuu,
Gazeti la Tarishi,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi.

Ndugu Mhariri,

YAH: KUTUMIA JINA AMBALO TAYARI LINA WENYEWE

Salamu nitazitoa mwishoni, nikiona kama bado ninazo.

Mimi ni fundi wa fremu. Duka langu liko mtaa wa nyuma ya benki, na vyeti vingi vilivyotundikwa kwenye ofisi za mji huu vimepita mikononi mwangu, pamoja na kile kilicho nyuma ya kiti chako. Fremu ile niliipiga msasa mwenyewe. Kuhusu cheti chenyewe sisemi kitu, maana mimi si mtu wa maneno maneno.

Binti yangu wa kwanza ni mwandishi wa habari ng'ambo. Siku alipopata kazi alinipigia simu, akalitaja jina la gazeti lake kwa lugha ya huko. Nilijaribu kulitamka, ulimi ukagoma. Akacheka, akaniambia, "Baba, maana yake ni Tarishi tu." Basi nami nikawaambia watu kwamba binti yangu anaandika kwenye Tarishi. Angalia vizuri, Ndugu Mhariri, uniambie uongo uko wapi. Watu walinipa mkono wa pongezi dukani, barabarani, hata kwenye foleni ya maji, na mimi nikaupokea. Hakuna aliyeniuliza ni Tarishi gani, na mimi sina tabia ya kujibu maswali ambayo hayajaulizwa.

Baadaye akanitumia ukurasa wenye makala yake na picha yake pembeni, amevaa miwani, amekunja uso kama mama yake akihesabu sahani baada ya wageni. Ningefanya nini? Nikautia fremu. Lakini juu ya ukurasa kulikuwa na lile jina lisilotamkika, na kila mgeni angeuliza. Nikachukua nakala ya gazeti lako, nikakata neno TARISHI pale juu, ambalo siku hiyo ndilo lilikuwa neno pekee lililochapwa bila kosa, nikalibandika juu ya lile la kigeni. Nikaweka kioo, nikatundika sebuleni. Kazi hiyo inaitwa tafsiri. Wako watu wanaosomea miaka mingi wapewe vyeti vyake, kisha wananiletea mimi nivitie fremu.

Miaka ikapita kwa amani mpaka majuzi, ukoo ulipokutana nyumbani kwangu kupanga posa ya mtoto wa marehemu kaka yangu. Mimi ndiye msemaji wa ukoo. Nimepeleka posa nyingi na sijawahi kurudi na jibu baya. Sasa, ninaye ndugu, mtoto wa baba mkubwa, tunamwita Kamusi kwa sababu hawezi kukaa na sentensi ya mtu mwingine bila kuirekebisha. Kamusi alikuwa akingoja chai. Akaitazama fremu, akasogea, akauliza tangu lini Tarishi linaandikwa kwa lugha ya kigeni. Kabla sijamaliza kukohoa alikuwa ameshaishusha ukutani, amechukua kisu cha mkate, anafungua mgongo wa fremu niliyoifunga kwa mikono yangu. Akaikwangua karatasi kwa kucha. Jina la chini likatokea, na ukoo mzima ukalishangaa kama mtu aliyefufuka.

Kwa hiyo nakuandikia wewe, chanzo cha yote haya, nikiwa na malalamiko yafuatayo.

1. Jina lenyewe mmelipata wapi? Binti yangu ananiambia kwamba kila upande wa dunia kuna gazeti linaitwa Tarishi kwa lugha ya mahali hapo: kwenye miji ya baridi, kwenye miji ya joto, kwenye bandari, kwenye nchi zisizo na bahari kabisa. Watu wasioweza hata kuombana maji ya kunywa wamekaa, kila mmoja kwao, wakafikia wazo moja, kwamba gazeti lipewe jina la yule bwana anayebeba mafaili kutoka chumba hiki kwenda chumba kile. Si mkurugenzi wala hakimu. Tarishi! Na wote hao wametumwa, ila sijasikia hata mmoja aliyefika na ujumbe ukiwa mzima. Ninyi mkaona jina hilo bado lina nafasi, mkajibanza humo.

2. Mngejibanza kwa adabu ningenyamaza. Lakini Tarishi la binti yangu ni gazeti. Lenu ni kitu ambacho muuza karanga anakitegemea. Soko lilipofurika, mliandika habari hiyo watu wakiwa wameshaanika magodoro, yamekauka, wameyarudisha ndani na kuyalalia. Ukurasa wa mbele kila mara ni picha ya mkubwa fulani anakata utepe. Nimeziona nyingi mpaka nimeanza kuutambua mkasi wenyewe, ule wenye mpini wa kijani. Vichwa vya habari vyenu ni maswali matupu. "Je, Sukari Itapanda?" Bwana wee, mimi ndiye nimenunua gazeti ili nijue! Fumbo la maneno linatoka leo na majibu ya fumbo jingine ambalo halijawahi kutoka. Na yule mtabiri wenu alimwahidi mke wangu safari ya mbali, naye mke wangu akajiandaa wiki nzima kwa furaha, akaishia kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili. Halafu nasikia watu wanadhani binti yangu anaamka asubuhi, anachana nywele, anakuja kukaa na ninyi juu ya matairi. Ni matusi haya. Kwa miaka yote hiyo nimeyavumilia kwa ajili ya amani.

3. Mapokezi yenu. Kamusi hakuridhika na kucha. Alipiga simu ofisini kwenu palepale sebuleni, akaweka sauti ya juu ukoo mzima usikie, akataja jina la binti yangu. Dada wenu wa mapokezi hakufikiri hata kidogo. Akasema, "Huyo hatumjui, na hajawahi kuwa hapa." Basi. Kwani ingemgharimu nini kuongeza kwamba pengine anatafutwa yule wa Tarishi kubwa la ng'ambo, na kwamba wao ni wadogo mno kuwa na mtu kama huyo? Hata muuza chai ukimkosea meza anakuelekeza. "Hajawahi kuwa hapa," utafikiri aliomba akakataliwa. Shangazi mkubwa, ambaye hajawahi kuacha chai ipoe tangu nimjue, aliweka kikombe chini. Akaninyooshea kidole, akasema huyu akitusemea kwa wakwe, watatuuliza ni nini kingine kimebandikwa. Watu walicheka, Mhariri. Ndani ya nyumba yangu, wamekalia viti vyangu, wanakula mkate wangu.

4. Sasa inasemwa kwamba Jumamosi posa ipelekwe na Kamusi. Naomba uyapime madhara. Mara ya mwisho Kamusi kusimama mbele ya wakwe, alimsahihisha baba wa binti maneno ya kukaribisha wageni, mara mbili, na mara ya pili alitoa mfano. Wakwe walitusindikiza mpaka barabarani bila kutuuliza tutarudi lini. Akisema yeye Jumamosi, posa itakataliwa. Posa ikikataliwa, kijana wetu, ambaye tangu juzi anakula nusu sahani, hataoa. Asipooa hatapata watoto, na watoto wasiozaliwa hawanunui magazeti. Kwa hiyo kwa jina lako la kuazima umejipunguzia wasomaji wa kesho, ilhali wa leo tunajua wenyewe hali yao. Sijui kama pale ofisini kuna mtu anayefikiria mambo haya, au wote mko kwenye utepe.

5. Mke wangu. Nilitegemea angalau yeye. Amesema mbele yangu, akiokota vipande vya karatasi sakafuni, "Mtoto hakukuomba umtafsirie gazeti." Nimemjibu kwamba hilo ni jambo la kitaalamu. Tangu hapo ananisemesha kupitia jirani. Jirani akija kuazima chumvi, mke wangu anamwambia kwamba chakula kiko tayari, na mimi ndipo najua nikanawe.

Baada ya kueleza hayo kwa upole niliojaliwa, nadai yafuatayo kabla ya Jumamosi.

Mosi, mchapishe ukurasa wa mbele, pale pa mkasi, tamko kwamba Tarishi la hapa halina, halijawahi kuwa na wala halistahili kuwa na mwandishi mfano wa binti wa fundi fremu, na kwamba yeyote aliyedhani yuko kwenu alidhani kwa upungufu wake mwenyewe. Kamusi atajwe.

Pili, mbadilishe jina. Sitaki kuonekana mtu wa kubomoa tu, kwa hiyo nimewafikiria. Mnaweza kuitwa Karani Msaidizi. Mnaweza kuitwa Nitakupigia Baadaye. Binafsi napendekeza Mkasi, kwa kuwa picha zipo tayari.

Tatu, uwaandikie Matarishi wote wa dunia, kila mmoja kwa lugha yake, wakutane mahali wapige kura, jina libaki kwa mmoja na wengine wakae bila jina mpaka wafikirie vizuri. Wakati kura inasubiriwa, majina ya magazeti yote yafunikwe kwa karatasi nyeupe. Kazi hiyo haifai kuachiwa watu wa ofisi, watapaka gundi mpaka kwenye picha. Mimi ninayo gundi nzuri na mkono uliozoea, na nikianza na nakala zenu, kwa jinsi zinavyonunuliwa, nitakuwa nimemaliza kabla ya chakula cha mchana.

Msipotekeleza, nitaacha kabisa kununua Tarishi, na nitakuwa nalisoma kwa kinyozi, tena huku nikitikisa kichwa ili wanaongoja zamu wanione.

Nimekagua moyo wangu na salamu nimezikuta, kidogo. Nisalimie naibu wako, dereva wa gari la magazeti ambaye nasikia ni mtu mwema aliyekosa pa kwenda, na yule wa mafumbo, akipatikana. Mtabiri asalimiwe na mke wangu, ila si kwa maneno aliyotumia. Dada wa mapokezi msalimie pia, kwa kipimo.

Ni mimi ninayekuheshimu kadiri ulivyoniwezesha,

Fundi Fremu,
Msemaji wa ukoo mpaka Jumamosi.

NYONGEZA

Ndugu yangu Mhariri, bahasha nilikuwa nimeshailamba, nimeifungua kwa mvuke wa birika ili niongeze haya machache.

Binti yangu amepiga simu sasa hivi. Tarishi lao limefungwa. Wenye mali wameuza jengo, wafanyakazi wote wameambiwa wakusanye vitu vyao kwenye maboksi. Aliniuliza kama chumba chake bado kipo. Nimemwambia kipo, ingawa nimekijaza vioo tangu alipoondoka, na nitavihamisha leo hii hata kama mgongo hautaki. Alianza kucheka, halafu nikamsikia analia, na mimi nikawa nasema "haya, haya" kama ninayemtuliza mbuzi. Mama yake akaninyang'anya simu.

Sasa, ndugu yangu, hayo yote ya hapo juu, kuanzia YAH mpaka sahihi yangu, naomba uyachukulie kama hayakuandikwa. Tarishi letu ni gazeti zuri sana, nimekuwa nikilisema hivyo muda mrefu. Huwezi kuandika mafuriko kabla maji hayajafika. Kama wakubwa wanakata utepe, mpigapicha afanye nini? Na kichwa cha habari chenye swali kinamheshimu msomaji, kinampa nafasi naye afikiri.

Kuna kiti hapo kwenu? Hata cha pembeni, hata karibu na mlango wa choo. Anajua kazi, ana lugha mbili, na hatasumbuka kuzoea jina la ofisi kwa kuwa kwake ni lile lile, halijabadilika hata herufi moja ukishalitafsiri. Pongezi zake nilishazipokea zamani. Hajui kwamba naomba, naye ana kiburi cha upande wa mama yake, kwa hiyo akija kuuliza nafasi, tafadhali asiione barua hii.

Jumamosi aende tu Kamusi. Mimi nitakuwa nakwenda kumpokea mtoto.

Na jambo la mwisho, nisamehe kwa kukuchosha. Binti yangu amefukuzwa kazi na mimi nimefurahi, maana anarudi nyumbani. Mama yake bado analia na simu, na watu wengine wote ambao ningekimbia kuwaambia nimegombana nao wiki hii. Ndiyo maana nakuambia wewe.