Chumvi Yenu Ndiyo Pampu ya Mbotela

Mimi mwenyewe, Mkurugenzi Mkuu wa Mizunguko ya Maji. Mke wangu, mwenyekiti wa Kamati ya Chumvi. Wachungaji, wazee wa mtaa, na akina mama mliosimama juani na mitungi mitupu: Bwana asifiwe! (Makofi ya mke wake.)

Wapendwa wa Mbotela, mwezi wa pili sasa mifereji yenu inatoa hewa tu, na mimi, baada ya semina nne na safari moja ya benchmarking ng'ambo, kuona wenzetu wanavyofanya, niligundua, kwa unyenyekevu wangu unaojulikana, kwamba bahari haina pampu! (“Wee!”) Kule kwenye barafu, maji yakiganda huacha chumvi yake nyuma, na yale yanayobaki, kwa ubaridi na chumvi, huwa mazito, yakazama, yakatambaa chini kabisa ya bahari, huku yenye joto yakija kwa juu kujaza pengo; dunia nzima huzungushiwa maji bila fundi wala stima, injinia akiwa Mungu mwenyewe. Kwa hivyo ofisi yangu, chini ya framework ya utekelezaji, iliagiza kila nyumba ilete pakiti mbili za chumvi zitiwe kwenye tangi, maji yajisukume yenyewe, na mmeitikia asilimia mia moja na tatu! (Kicheko.)

(Benta, anayefua nguo za watu ili wanawe wapate kula: “Mheshimiwa, hilo tangi liko wapi? Na maji ya chumvi nitafulia nguo za nani?”)

Swali zuri, mama, ila limetumwa na maadui wa maendeleo. Maji ya bahari humaliza mzunguko kwa miaka kama elfu moja. Wewe miezi miwili tu unalia? (“Aibu!”) Hebu njoo, uwe wa kwanza kufungua mfereji wetu mpya.

(Benta anazungusha. Mfereji unang'oka mchangani mzima mzima, bila paipu. Anauinua watu wote wauone.)

Maji kwa wote! Chumvi kwa wote! Basi, shukrani. Namshukuru Nahashon wa duka la vifaa vya ujenzi kwa kutuazima mfereji huu hadi saa kumi. Mama, mrudishie, usiukwaruze. Namshukuru mke wangu, ambaye hoteli yake haijanunua chumvi tangu mlipoanza kuleta. Zaidi nawashukuru ninyi kwa imani yenu, maana hata mimi sikudhani mtaleta.