Njia Nne za Kumfikisha Mama kwa Daktari wa Macho

Jumatatu, tarehe 4

Dada kapiga simu. Daktari wa macho anafika hospitali ya mjini kwao Ijumaa, siku moja tu, kisha harudi mpaka baada ya miezi mitatu. Jicho la kushoto la Mama lilishazima. La kulia linafuata. Mama anaishi na mimi, kwa hiyo kumfikisha ni kazi yangu. Shemeji, mume wa Dada, msoma mita wa ofisi ya maji, akadandia simu: nimpandishe Mama basi la moja kwa moja, viti vina namba, kutwa moja mmefika. Nikacheka. Huyu anifundishe safari mimi, niliyekula miaka kumi na miwili kwenye usafirishaji? Basi litamtikisa Mama. Nimepanga treni mpaka njia panda, kisha kivuko kuvuka ziwa. Atafika kama malkia.

Jumanne, tarehe 5

Stesheni. Mama kavaa gauni la kutokea. Tumekaa kwenye benchi saa tatu nzima. Mama akauliza, kwa upole wake, kama siku hizi treni hupita juu ya majani. Nikatazama reli. Majani yamefika magotini. Mkuu wa stesheni, mstaarabu sana, sare imepigwa pasi, akasema treni ya mwisho ya abiria ilipita kabla binti yake hajazaliwa, na binti mwenyewe sasa ananyonyesha. Jicho moja bovu limeona nisichoona kwa mawili mazima. Lakini mimi jua lilikuwa linanipiga usoni.

Jumatano, tarehe 6

Pikipiki mpaka kivukoni, Mama tumembana katikati kama barua kwenye bahasha. Kivuko kiko nchi kavu, juu ya magogo, mafundi wanakikwangua kutu. Fundi mmoja akasema kitarudi majini wiki ijayo, au ile nyingine. Nikabahatisha pikapu ya kuturudisha barabara kuu, nafasi mbili mbele. Akatokea mwanamke mwenye uchungu wa kujifungua, mumewe anatetemeka kuliko yeye. Nikawapa nafasi zetu. Hilo sijuti. Mama alinipigapiga bega. Tukatembea, yeye kashika mkoba wangu kwa nyuma ili asipotee.

Alhamisi, tarehe 7

Stendi ya barabara kuu. Basi la Shemeji lipo pale pale, lile la namba. Kondakta akasema viti vimebaki, wanaondoka saa nne kamili. Nimpe Shemeji raha hiyo? Kando yake kulikuwa na basi lililojaa, limebakiza viti viwili, injini inanguruma. Tukapanda hilo.

Sasa niandike ukweli, maana daftari hili halina mdomo. Kazi yangu ya miaka kumi na miwili ilikuwa abiria wa kupanga. Hakuna msafiri anayependa kupanda basi tupu, kwa hiyo wapiga debe huwakalisha watu ndani wakiwa na mizigo. Msafiri wa kweli akiingia, wao wanateremka mmoja mmoja. Nilikuwa bingwa. Niliwahi kulia machozi ya msiba nisiokwenda.

Mama aliniambia, mwanangu, mbona huyu wa mbele anasafiri na ndala, tena hana hata chupa ya maji? Nikamwambia apumzishe jicho.

Wakaanza kuteremka. Mmoja kaenda haja. Mwingine kafuata chenji. Basi la namba likaondoka mbele ya macho yetu, saa nne kamili. Tukabaki mimi, Mama, na jamaa mwenye begi lililojazwa magazeti ili lionekane zito. Ujanja wa magazeti niliuanzisha mimi. Jamaa akanigeukia akaniita Mwalimu. Akadhani niko kazini. Akauliza huyu bibi nimemtoa wapi, kwa sababu anakaa vizuri mno, ukimwona tu unajua anakwenda hospitali.

Ijumaa, tarehe 8

Tumelala ndani ya basi; lilijaa leo asubuhi. Tumefika saa kumi. Daktari kaondoka saa nane. Nesi alifunga daftari taratibu, akasema miezi mitatu, na kwamba jicho lile haliahidi kusubiri. Tukiwa kwenye korido Mama akauliza mbona hawawashi taa. Jua lilikuwa limejaa madirishani.

Shemeji alikuwa akitusubiri mlangoni. Alimshika Mama mkono, akamhesabia ngazi. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, tarehe 9

Mama anabaki kwa Dada. Dada alianza kunipasha, Mama akamkatiza: mwacheni, alinikalisha dirishani. Nikatoka nje, nikanawa uso.

Jioni Shemeji akanikatia tiketi ya basi la namba, nirudi kesho. Nimeipokea kwa heshima. Lakini hapa nje nimeongea na dereva wa lori la saruji. Anajua njia ya mkato, anaapa atalipita lile basi kabla ya saa sita. Tiketi nimempa mwanamke mmoja mwenye mapacha. Miezi mitatu ikitimia nitakuja mwenyewe kumpeleka Mama kwa daktari, tena kwa njia hiyo, maana kwenye lori hakuna abiria wa kupanga.